NANI ATAKAA NA MGONJWA?

Ndugu wafanya kazi,

Tangu Oktoba 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa bima ya afya. Twalipa, na haki yake tutaidai. Lakini makato hayo hayamleti mtu wa kukaa kando ya kitanda. Mgonjwa wa kansa wa Iguhu huenda Eldoret, Kisumu au hata Nairobi kutibiwa, mbali na nduguze, kisha hurudi dhaifu. Nesi ana wodi nzima. Atapata wapi nafasi ya kumnywesha uji polepole, au kumsikiliza akiogopa?

Nairobi Hospice ilianza kazi ya namna hii mwaka 1990. Sisi hatuombi jumba. Twaomba wanachama wa kujitolea saa mbili kwa juma, kwa ruhusa ya mkuu wa wodi: wafue nguo, wapige simu nyumbani kwa mgonjwa, wamwite nesi maumivu yakizidi. Mofini ya kunywa, ikipimwa na daktari, si sumu, wala si dalili kwamba mgonjwa ameachwa afe, kama wengine wasemavyo. Wauza miti shamba wasije kwa jina letu.

Nao waajiri twawaambia: anayeuguza mkewe asikatwe mshahara.

Majina yapelekwe kwa katibu wa tawi.