Viuagugu na Metali Nzito: Swali Jipya kwa Bustani za Mboga za Dar es Salaam

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Sehemu isiyo ndogo ya mchicha na matembele yanayouzwa katika masoko ya Dar es Salaam hulimwa ndani ya jiji lenyewe: katika Bonde la Msimbazi, kando ya mito Kizinga na Mzinga upande wa Temeke, na katika viwanja ambavyo havijajengwa pembezoni mwa Kinondoni kuelekea Bunju. Watafiti waliopima udongo, maji na mboga za Bonde la Msimbazi kwa nyakati tofauti wamekuta risasi, kadimiamu na metali nyingine nzito, katika baadhi ya sampuli kwa viwango vinavyozidi ukomo wa kimataifa. Kwa mboga za majani, ukomo huo ni miligramu 0.3 za risasi na miligramu 0.2 za kadimiamu kwa kila kilo.

Vyanzo vyake vinafahamika: majitaka ya viwandani na majumbani, gereji, na vumbi la barabarani. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, lakini risasi haiozi. Iliyotua udongoni wakati ule bado ipo.

Jambo ambalo halijazungumzwa vya kutosha ni nafasi ya viuagugu. Kinachofahamika zaidi ni chenye glaifosati, ambacho wakulima wengi hukiita Roundup hata pale chupa inapokuwa na jina lingine. Kabla haijajulikana kuwa inaua magugu, kampuni ya Stauffer ya Marekani ilipata hataza yake mwaka 1964 kama kemikali ya kushika metali. Ilianza kuuzwa kama kiuagugu mwaka 1974. Tabia ile ya kwanza haijatoweka. Ikifika udongoni, glaifosati hushikana na shaba, zinki na metali nyingine, na kubadili namna zinavyosafiri na maji kuelekea kwenye mizizi.

Zinabadilika kwa upande upi? Hapa ndipo tahadhari inapohitajika, kwa kuwa jibu si moja. Katika udongo wa aina fulani, metali iliyokuwa imefungwa kwenye chembe huachiwa na kuyeyuka. Katika udongo mwingine, hasa wenye oksidi nyingi za chuma, glaifosati huwa kama daraja linaloifunga metali zaidi. Tindikali ya udongo, wingi wa mboji na kiasi cha mfinyanzi ndivyo huamua. Udongo mwingi wa pwani yetu ni wa kichanga, na kichanga hushika metali kwa udhaifu. Kwa sababu hiyo, matokeo ya utafiti wa Ulaya au Amerika hayawezi kuhamishiwa Mbagala bila kupima.

Kisheria, viuatilifu vinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 4 ya mwaka 2020. Mazingira yako chini ya NEMC, na usalama wa chakula chini ya TBS. Swali la kiuagugu kinachoamsha metali iliyoachwa na mtu mwingine linaangukia katikati ya taasisi hizo tatu. Ni vema likapewa mwenyewe.

Kwa sasa, mkulima anayemwagilia kwa maji ya mto unaopokea majitaka hapotezi mengi akirudi kwenye jembe: matuta ya mboga ni madogo, na palizi ya mkono inawezekana, ingawa inachosha. Mboji na chokaa ya kilimo husaidia kuzifunga metali nyingi. Mazao ya matunda kama bamia kwa kawaida hukusanya metali chache kuliko majani. Mlaji naye afahamu kuwa kuosha mboga huondoa vumbi, lakini hakuondoi kilichopanda kupitia mizizi.

Anayetaka shamba lake lipimwe aanze kwa afisa ugani wa kata. Sampuli ichukuliwe kabla ya kupulizia dawa za msimu. Ikichukuliwa baadaye pekee, itakuwa vigumu kutenganisha kilicholetwa na mto na kilichosababishwa na bomba.