Ditekta ya Mita Tano Itachimba Mfuko Wako Kwanza

Wasee, tulieni kidogo. Wiki nzima simu yangu imejaa video moja tu: ditekta mpya ya dhahabu inakuja. Eti itaona mita tano chini, itachora madini kwa skrini, itakwambia ni dhahabu ama ni kifuniko cha soda. Haijafika, hakuna mtu ameishika, lakini watu washaanza kutuma pesa "kuweka nafasi". Binamu yangu wa Ikolomani ni mmoja wao. Yeye na wenzake sita wanataka kuvunja chama chao juu ya hiyo video.

Mimi si injinia. Chuo niliacha mwaka wa pili, mnajua. Lakini hii hesabu haitaki digrii.

Koili ya ditekta inatuma nguvu ya sumaku ardhini. Ikishuka inadhoofika haraka, na jibu la madini nalo linadhoofika likirudi. Ukishapita upana wa koili, kila ukiongeza kina mara mbili, kinachorudi ni kama sehemu moja ya 64. Si nusu, manze, moja ya 64! Ndiyo maana mashine nzuri inapata sarafu kwa sentimita 20 au 30, na punje ndogo ya dhahabu kwa sentimita chache tu. Mashine mpya inaweza kuwa nyepesi, inaweza kunyamazisha kelele za udongo wenye chuma. Hiyo ni poa, na kina kitaongezeka kidogo. Lakini kidogo si mita tano.

Mwaka 1980 kule Australia, mtu mmoja alipata kwa ditekta pande la dhahabu la kilo 27, wakaliita Hand of Faith. Lilikuwa chini kiasi gani? Sentimita kama 30. Pande zito kama gunia la simiti nusu! Na wewe unaahidiwa punje kwa mita tano.

Tena dhahabu nyingi ya Kakamega na Migori imejificha ndani ya mwamba, laini kama vumbi. Kwani mnadhani watu wanasaga mawe na kuyaosha kwa nini? Pitisha ditekta juu ya jiwe kama hilo, inaweza kunyamaza tu.

Najua mtasema nina wivu. Sawa. Lakini mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga James McCormick miaka kumi kwa kuuza vifaa feki vya kugundua mabomu. Ndani hakukuwa na kitu, ni antena tu inayoyumba. Na serikali zilinunua! Sasa chama cha watu saba ni nini?

Sisemi mtu asinunue ditekta. Nasema muuzaji aje Ikolomani na mashine yake. Tutazika gramu moja ya dhahabu, mita moja tu chini, yeye akiwa hayuko. Akiipata, nitaomba msamaha laivu, mbele yenu wote. Akikataa kuja, jibu tunalo.

Binamu, najua unasoma hii. Mvua ikinyesha hilo shimo lenu linajaa maji na kuta zinamomonyoka. Hiyo pesa ni ya pampu na mbao. Nunueni kitu cha kuwarudisha juu jioni.