Usiuze Pentium III kwa Kilo

Wiki hii sitaandika juu ya programu ninazounda kazini, wala juu ya simu mpya. Nataka tuzungumze kuhusu tarakilishi kuukuu, zile Pentium III nyembamba zilizolala kwenye stoo za shule na ofisi hapa Isiolo zikimsubiri mnunuzi wa skrapu. Msimamo wangu nautaja mapema ili nisikuzungushe: kila shule ya upili ibakize moja, iitilie kadi ya grafiki ya rika lake, iigeuze kuwa mashine ndogo ya michezo, na iwaache wanafunzi waifungue. Naam, mashine ya michezo. Usicheke kabla hujamaliza kusoma.

Kwanza, zilifikaje huku? Miaka ya 2000 kompyuta nyingi zilizoingia shule za Kenya zilikuwa mitumba. Kampuni na ofisi za ng'ambo zilipobadilisha mashine, zile za zamani zilikusanywa, zikakarabatiwa na kuletwa. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilifanya kazi hiyo kwa wingi. Na kwa kuwa ofisi hupenda mashine isiyojaza meza, nyingi ya hizo zilikuwa za kasha jembamba, unalilaza na kuweka skrini juu yake. Ndiyo maana leo mtu wa Isiolo akitaka kompyuta ndogo ya kizamani haimbidi kuagiza kasha maalum kutoka ng'ambo. Iko stoo, imefunikwa na vumbi na madaftari ya zamani.

Shida ni kwamba skrapu hupimwa kwa kilo. Kasha la chuma lina uzito, basi linalipiwa. Prosesa, kumbukumbu na kadi hazina uzito, basi zinaenda kama nyongeza. Halafu nyaya huchomwa ili shaba itoke, na moshi tunauvuta sisi na watoto wetu. Mashine iliyosafiri bahari nzima kuja kumfundisha mtoto wa Isiolo inaishia kuwa jivu, na hakuna hata mwanafunzi mmoja aliyewahi kuona ndani yake kukoje.

Haya, twende kwenye kadi ya grafiki, maana hapo ndipo penye utamu.

Kabla ya mwaka 1996, michezo mingi ya kompyuta ilichorwa na prosesa yenyewe. Prosesa ndiyo iliyopiga hesabu za mchezo, na ndiyo iliyopaka rangi kila nukta ya skrini. Mwaka huo kampuni ya Marekani iitwayo 3dfx, iliyoanzishwa 1994, ikaleta chipu ya Voodoo Graphics. Kadi hiyo haikujua kuchora dirisha la Windows wala herufi. Ilijua kazi moja tu, michoro ya 3D. Ulihitaji kadi nyingine ya kawaida pembeni, na kebo ya kuunganisha hizo mbili, ndipo picha ifike kwenye skrini. Ikafuata Voodoo2 mwaka 1998 na Voodoo3 mwaka 1999. Lakini mwaka huo huo wa 1999 NVIDIA ikatoa GeForce 256, iliyochukua hata hesabu za kugeuza maumbo na kuyapa mwanga kutoka kwa prosesa. Desemba 2000 ikatangazwa kwamba NVIDIA inanunua mali ya 3dfx, na 2002 3dfx ikafilisika. Kampuni iliyowatangulia wengine ikaisha ndani ya miaka michache. Wanaosoma biashara watafakari hapo.

Kwa nini namsimulia haya mtoto wa shule? Kwa sababu kadi ile unaweza kuihesabu kwa kalamu. Voodoo ya kwanza yenye MB 4 iligawa kumbukumbu yake nusu kwa nusu: MB 2 za picha ya skrini, na MB 2 za rangi na sura za kupaka maumbo. Chukua skrini ya nukta 640 kwa 480, kila nukta baiti mbili. Unapata baiti 614,400. Unahitaji picha mbili, moja inayoonekana na moja inayochorwa nyuma yake, pamoja na jedwali la tatu la kujua kitu gani kiko mbele na kipi kiko nyuma. Zidisha kwa tatu: 1,843,200. Inaingia kwenye MB 2, na inabaki kidogo. Sasa jaribu 800 kwa 600. Baiti 960,000 mara tatu ni 2,880,000. Haiingii! Ndiyo sababu michezo ya kadi ile ilikwama kwenye 640 kwa 480. Mwanafunzi wa shule ya upili anaweza kuifanya hesabu hiyo, kisha akawasha mashine na kuona jibu lake likitembea kwenye skrini. Nilisoma sayansi ya kompyuta chuoni miaka minne, na mifano ya namna hiyo, inayoshikika mkononi, ilikuwa michache.

Sasa vitendo. Usikimbilie kuagiza Voodoo. Wakusanyaji wa ng'ambo wameipandisha bei kupita kiasi, na ukiongeza usafiri na ushuru utakuwa umelipa pesa ya kompyuta nzima ya kisasa ya mtumba. Fungua kasha kwanza, uangalie mambo haya.

Moja, chipu za bodi. Ukikuta Intel 810, ya mwaka 1999, usitafute tundu la AGP kwa sababu halipo. Chipu hiyo ina grafiki ya ndani tu. Utatumia tundu la PCI. Ukikuta Intel 815, ya mwaka 2000, hiyo inakubali AGP, ila uangalie kama waliotengeneza mashine waliliweka tundu lenyewe.

Mbili, kimo cha kadi. Makasha mengine membamba yana kibao kilichosimama wima, kadi inachomekwa humo ikiwa imelala. Hayo hupokea kadi ya kimo cha kawaida. Mengine yanataka kadi fupi tu. Pima kwa rula kabla ya kulipa, usipime kwa macho.

Tatu, kadi yenyewe. GeForce2 MX ya mwaka 2000, Radeon 7000 ya 2001 au GeForce FX 5200 ya 2003, zote zilitoka pia kwa PCI, na mafundi wa mitumba ya kompyuta Nairobi bado huziona kwenye maboksi yao. Mimi napendekeza FX 5200 isiyo na feni, yenye bati la kupozea tu. Inakula umeme kidogo, jambo la maana kwa sababu pawa saplai za makasha haya ni dhaifu. Na kwa vumbi letu la Isiolo, feni ndogo ya kadi ndiyo hufa kwanza. Isipokuwepo, haiwezi kufa.

Nne, kapasita. Bodi nyingi za kati ya 1999 na 2007 zilipata kapasita mbovu. Angalia vile vikopo vidogo karibu na prosesa. Vikiwa vimevimba juu au vinatoa uchafu wa kahawia, usiwashe mashine. Fundi anayejua kulehemu atavibadilisha, na vipya ni vya bei nafuu. Badilisha na betri ya CR2032, maana ya zamani hakika imekufa.

Tano, diski. Diski ngumu ya zamani ni ya kuomba Mungu. Kadi ya CompactFlash huelewana na kebo ya IDE kupitia kiunganishi kidogo cha bei rahisi, na haina kitu cha kuzunguka wala kukwama. Kumbukumbu tia MB 128 au 256. Usizidishe 512, Windows 98 huanza kusumbua.

Ukimaliza hapo una mashine ndogo ya kuchezea michezo ya miaka ile. Lakini isiunganishwe na intaneti. Microsoft iliacha kuilinda Windows 98 Julai 2006, na tangu hapo kila tundu limebaki wazi. Faili zipitie kwenye CD au ile kadi ya CompactFlash, basi.

Najua mtakaloniuliza. "Bwana, si kuna programu za kuigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya?" Zipo, na ni nzuri. 86Box na PCem zinaigiza hata kadi ya Voodoo. Kama shida yako ni kucheza tu, pakua, cheza, lala. Sina ugomvi nawe. Lakini zinataka prosesa yenye nguvu, na laptopu za shule zetu nyingi hazina. Zaidi ya hapo, programu haikufundishi kushika bisibisi. Haina joto, haina kapasita, haina tundu lisilolingana na kadi. Tangu 2022 Kenya imekubali silabasi ya kufundisha watoto kuandika programu, jambo jema sana. Ila mtoto anayeandika programu bila kuona kinachoiendesha ni kama dereva asiyewahi kufunua boneti. Atafika, lakini likizima njiani kuelekea Merille atakaa kando akisubiri msaada.

Swali la pili ni gumu zaidi: shule inayokosa vitabu na maabara ihangaike na michezo? Jibu langu ni kwamba mchezo ndio mlango. Msimbo wa Quake III Arena, mchezo wa 1999, uliachiwa huru Agosti 2005. Ndani yake kuna mistari michache inayokadiria kinyume cha kipeuo cha pili kwa kutumia nambari 0x5f3759df, na waandishi wa programu duniani bado wanaijadili. Mtoto aliyeingia kwa ajili ya kupiga risasi kwenye skrini anaweza kutoka akiuliza kipeuo cha pili kinatafutwaje. Mwalimu gani wa hesabu asiyetamani swali hilo?

Na kuna sababu ya mwisho, ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote. Sisi pia tuna historia. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, mchezo wa 3D wa kompyuta uliotengenezwa hapa Kenya. Miaka miwili baadaye yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts. Kabla yake, mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili chetu hiki, menyu zote. Ni vijana wangapi wa leo wamewahi kuziona kazi hizo? Programu haihifadhiki kama kitabu. Kitabu ukikikuta kwenye sanduku baada ya miaka hamsini utakisoma. Programu inataka mashine ya rika lake, au mtu anayeijua mashine hiyo vizuri kiasi cha kuiigiza. Wamarekani na Wajapani wana watu wanaozitunza za kwao. Za kwetu atazitunza nani, kama kila mashine ya miaka ile tumeiuza kwa kilo?

Tafadhali msinielewe vibaya. Sisemi tufuge takataka. Shule yenye mashine thelathini zilizokufa haihitaji thelathini. Ibakize moja au mbili, ichukue vipuri kutoka kwa zilizosalia, na mabaki yaende kwa wanaoyashughulikia ipasavyo, kama WEEE Centre ya Nairobi, hasa zile skrini nene za zamani ambazo kioo chake kina risasi. Tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayowabebesha watengenezaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hata zikiwa taka. Umbali wa Isiolo hadi Nairobi si kisingizio. Maziwa ya ngamia yanafika Eastleigh yakiwa mazima, sembuse boksi la bodi!

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mwalimu mkuu, kabla hujatia sahihi karatasi ya kuuza vifaa chakavu, mwite mwalimu wa kompyuta na wanafunzi watano. Wape siku moja na bisibisi. Wachague mashine moja iliyo nzima zaidi, waisafishe kwa brashi ya rangi, waiandikie jina ubavuni. Gharama ya kadi na kiunganishi cha diski haitazidi ya safari moja ya michezo. Na ukiwa fundi hapa mjini, usivunje kadi ya zamani kabla hujauliza kama kuna shule inayoihitaji.

Mimi niko tayari kutoa Jumamosi zangu kwa shule yoyote ya Isiolo itakayobakiza moja. Bisibisi ninazo, CD za draiva ninazo. Wenye maoni tofauti semeni, tutaelewana tu.

Nawasilisha.