Chama Kingoje Nje ya Uzio

Wapo wanaosema kuwa mwanachuo asiye na jumuiya ya chama chake chuoni ni sawa na yatima. Neno hili nimelisikia kwa watu wa chama tawala, na nimelisikia kwa wapinzani pia. Katika jambo hili, kwa bahati mbaya, hawapingani hata kidogo. Mimi nasema chama cha siasa hakina kazi ndani ya uzio wa chuo, na hasa chuo cha ualimu.

Kwanza tukumbushane sheria, maana vijana wengi hawaijui na wazee wengi wanajifanya wameisahau. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992, iliyotufungulia mlango wa vyama vingi, ilikataza tawi la chama, au jumuiya yake ya vijana au ya wanawake, kuanzishwa mahali pa kazi, shuleni au chuoni. Haikumkataza mtu kuwa mwanachama. Ilikikataza chama kufanya makao pale mtu anapofanyia kazi au anaposoma, kwa sababu tulikwisha kuona chama kimoja kikiwa kila mahali, kiwandani hadi bwenini. Basi kikatolewa mlangoni, kikarudi kwa dirishani, na vingine vikafuata nyuma. UVCCM wana seneti yao ya vyuo, CHADEMA wana CHASO. Ukiuliza, utaambiwa kuwa shughuli zote ziko nje ya chuo. Wanachama ndio wanaolala ndani.

Mtetezi wa jumuiya hizi atakwambia kuwa ndizo tanuri la viongozi, na hapo hapo atakutajia Mlimani ya zamani. Haya, tuitazame Mlimani. Kundi lililovuma kuliko yote, USARF, lilianzishwa mwaka 1967, na mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni. Vijana wale walisoma, wakabishana, wakaalika wasemaji, wakatoa jarida lao liitwalo Cheche. Lakini USARF haikuwa jumuiya ya chama! Novemba 1970 ilipigwa marufuku pamoja na jarida lake, na hoja iliyotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwapo chuoni na ulitosha. Mwaka ule ule chuo kilikuwa kimekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea, na aliyepewa kukiongoza alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka katika utendaji mkuu wa TANU. Kwa hiyo anayeitaja Mlimani kuwa sifa ya jumuiya za vyama anaisoma historia kichwa chini miguu juu.

Sitaki kuwadhulumu wale wa tawi la TANU. Walitoa MajiMaji, jarida lenye makala nzito, maana wengi walikuwa watu wale wale. Ila tangu hapo kibali kilitoka juu. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. Mamia wakarudishwa makwao, chama chao cha wanafunzi, DUSO, kikaondolewa, ikaletwa MUWATA chini ya mbawa za vijana wa CCM. Je, malalamiko yalikwisha? La hasha. Mwaka 1990 chuo kilifungwa tena. Chombo kilichowekwa kati ya wanafunzi na wakubwa kilikuwa sikio la wakubwa; hakikuwa mdomo wa wanafunzi.

Hilo si la Mlimani peke yake. Katika chuo kimoja nilichokiongoza, baada ya vyama vingi kuingia, unga wa ugali ulikuja umevunda majuma matatu mfululizo. Mzabuni alikuwa mtu mkubwa wa chama fulani pale wilayani. Rais wa wanachuo alikuwa na kadi ya chama hicho, na vijana wake walimwomba alisemee jambo hilo kwenye baraza. Alikaa kimya. Nilipomwita ofisini alinijibu kwa adabu zote: "Mwalimu, si wakati wa kukichafua chama, uchaguzi umekaribia." Wenzake mia kadhaa walikuwa wanaumwa matumbo, naye alikuwa anahesabu kura za mtu mwingine. Njia mbili zilimshinda fisi, sembuse kijana wa miaka 22.

Na kijana huyo alikuwa anakwenda kuwa mwalimu. Miezi michache baadaye angesimama mbele ya darasa la tatu lenye watoto wa wazazi wa kila chama, na wa wasio na chama.

Wataniambia kuwa wanachuo ni watu wazima, kwamba mwenye miaka 18 anapiga kura. Kweli kabisa. Basi na aende kwenye tawi la mtaa kama mtu mzima mwingine yeyote, akae benchi moja na mama lishe na mwendesha bodaboda, angoje zamu yake ya kusema, asikie bei ya mbolea na habari za kisima kilichokauka. Huko atajifunza siasa. Katika jumuiya ya vyuoni hukutana na wasomi wenzake tu, na mheshimiwa anayekuja na fulana na nauli ya basi. Siku hizi wana hata mahafali yao ya chama, mbali na yale ya chuo, na mgeni rasmi mara nyingi ni mtu anayetafuta kiti. Nimealikwa mara mbili. Sikwenda.

Hatuhitaji sheria mpya. Mkuu wa chuo anayemwogopa katibu wa vijana aliyeegesha gari la matangazo mbele ya bwalo anayo ile ya 1992. Aitoe kabatini, atoke nayo nje, amsomee pale pale dirishani pa gari.