Usinunue diski mpya kwa ushahidi mbovu

Msimu wa karafuu ukifunguliwa, fedha huingia Pemba kwa mkupuo. Mkulima akishalipwa na ZSTC hupita dukani kununua mabati, saruji na nguo za watoto. Duka la jumla ambalo kompyuta yake imelala siku hizo hupoteza mauzo yasiyorudi hadi msimu mwingine. Kwa sababu hiyo wiki hii tunaacha bei pembeni, tunazungumzia diski.

Katika duka moja la Chake Chake, mashine inayotunza leja ilianza kugoma kila alasiri. Stakabadhi moja ilichukua zaidi ya dakika kuhifadhiwa. Fundi aliyeitwa aliwasha programu ya mfumo wa uendeshaji inayonasa shughuli za diski, yaani kila ombi la kusoma au kuandika pamoja na saa yake, mahali na ukubwa. Alipoisoma kumbukumbu alikuta vipindi virefu vya kimya. "Mzee, diski imekufa," alisema, na ankara ya mashine mpya ikafuata.

Kwa maoni yangu hapo ndipo wafanyabiashara tunapoumia, hata pale fundi anapokuwa na nia njema. Aliisoma kumbukumbu bila kuikagua.

Mashine ile hutumia Linux, na programu ya kunasa ni blktrace. Kila rekodi huanza na namba ya utambulisho isiyobadilika, kisha namba ya mfululizo, kama kitabu cha stakabadhi. Kila prosesa ina faili lake na mfululizo wake, hivyo ukaguzi hufanywa faili moja moja kabla ya kuyaunganisha. Kijana wa pili aliyeitwa alifanya hivyo, akakuta namba zinaruka. Umeme ulikatika wakati wa kunasa (waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulitupunguzia majenereta mwaka 2010, lakini giza bado hututembelea), na sehemu ya faili ikaharibika. Alitafuta namba ya utambulisho iliyofuata baada ya kila palipoharibika, akaanza kusoma upya kutoka hapo.

Lakini vile vipindi vya kimya havikuwa na namba zilizoruka. Hili ndilo la hatari zaidi. Fundi wa kwanza alihifadhi kumbukumbu kwenye diski ile ile aliyokuwa akiichunguza. Diski ikielemewa, bafa za kusubiria hujaa na rekodi mpya hutupwa kabla ya kupewa namba, mfano wa mauzo yasiyokatiwa stakabadhi. Idadi ya zilizotupwa hutajwa blktrace inapofungwa, na safari hii umeme uliiwahi. Kwa hiyo dakika zilizoonekana tupu ndizo zilizokuwa na kazi nyingi kuliko zote.

Kijana aliongeza ukubwa wa bafa, akanasa tena huku rekodi zikipelekwa kwa waya wa mtandao hadi kompyuta nyingine. Zilizotupwa: sifuri. Kimya kikatoweka, na mahali pake ikaonekana programu ya kunakili leja nzima, iliyopangwa kuanza saa kumi jioni, wakati foleni ya wateja imefika barazani.

Sisemi kwamba kila diski inayoshukiwa ni nzima. Diski hufa kweli, na anayeisubiri ife bila kuwa na nakala ya leja yake anacheza kamari na mtaji. Toa nakala kwanza. Kisha, kabla ya kulipa ankara, muulize fundi kumbukumbu ilihifadhiwa wapi na rekodi ngapi zilipotea. Asiyeweza kujibu asilipwe ila nauli. Hata anayekopesha duka kwa kutazama vitabu vya kompyuta ana haki ya kuuliza hivyo.

Mwenye duka anatumia mashine ile ile hadi leo. Kunakili sasa huanza saa nne usiku.