Eti "wenzetu wanaachia"!

Nimepotea kidogo, si mnajua tena, mazoezi ya kufundisha yanakaribia na maandalio ya masomo hayajiandiki yenyewe. Ila kuna jambo limenikaa rohoni tangu semina ya Alhamisi, na nisipolitoa hapa sitalala.

Ilikuwa semina ya elimu ya mazingira. Jamaa mmoja wa mwaka wa tatu kasimama mbele, kawasha projekta, katuonyesha picha: boti nyeupe ya kukodi huko Florida, Marekani, bahari ya mwanzo wa kiangazi imetulia kama mafuta, na mtalii kapakata samaki mwekundu mkubwa, meno yote nje. Halafu akasema, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kushinda, kwamba wenzetu wanavua kistaarabu. Wanapiga picha, wanamwachia samaki, anarudi zake. Wavuvi wetu je? Wanakula hata kichwa. Darasa likapiga makofi. Muda wa maswali ukawa umekwisha, kama kawaida. Basi mimi swali langu naliuliza hapa: huyo samaki alirudi wapi?

Samaki wa kwenye picha alikuwa snapa mwekundu, wa ukoo mmoja na kungu wetu. Anakaa chini kwenye miamba na mabaki ya meli, mara nyingi mita 30, 40 na zaidi. Ndani ana kibofu cha hewa kinachomsaidia kuelea. Sasa tukumbuke kanuni ya Boyle, ile tuliyokariri sekondari kwa ajili ya mtihani tu. Mita 40 chini ya maji mgandamizo ni kama mara tano ya ule wa juu. Mvute samaki hadi juu kwa dakika mbili tatu, hewa ile ile inataka nafasi mara tano. Itakwenda wapi? Kibofu kinapasuka, macho yanatoka, tumbo linasukumwa nje kupitia mdomoni. (Wapo wavuvi wanaodhani ile nyama iliyotokeza mdomoni ndiyo kibofu, wanaitoboa. Wanatoboa tumbo la samaki!) Ukimtupa hivyo hivyo hawezi kuzama. Anaelea ubavu ubavu kama chupa, juani, kwenye maji ya juu ambayo kiangazi yana joto kuliko kule alikotoka. Mwari yupo, pomboo yupo, papa yupo. Wavuvi wa kule papa wamempa jina la mtoza kodi, na kodi yake hailipwi kwa awamu.

Huko ndiko "kurudi zake".

Na si kwamba Wamarekani hawajui. Wanajua kuliko sisi. Tangu Julai 2020, boti zinazovua samaki wa miamba kwenye maji ya serikali kuu upande wa Atlantiki ya kusini zinatakiwa kuwa na kifaa cha kumshusha samaki. Ni kitu chepesi tu: kibanio au ndoana iliyogeuzwa, chini yake kipande kizito cha risasi. Kinamshika samaki mdomoni, kinamteremsha mpaka kwenye mgandamizo wake, kinamwachia kule. Upande wa Ghuba ya Meksiko ikatungwa sheria, ikaanza kufanya kazi Januari 2022, na ilitaka uwe na kifaa hicho, au sindano ya kutolea hewa. Kinasaidia kweli, na samaki aliyeshushwa upesi anaweza kupona. Lakini kuwa nacho ndani ya boti ni jambo moja. Kukitumia kwa kila samaki wakati abiria sita wanapiga kelele wote, ndoana zimeshika na baharia ni mmoja, hilo ni jambo jingine.

Sasa njooni kwenye kalenda, maana hapo ndipo penye kichekesho. Upande wa Atlantiki, snapa mwekundu alifungwa kabisa mwaka 2010 kwa sababu alikuwa amevuliwa kupita kiasi. Kuanzia 2012 hadi 2025 wavuvi wa burudani walifunguliwa kwa siku chache tu, na miaka mingine hawakufunguliwa kabisa. Mwaka 2024 wavuvi wa burudani, pamoja na boti zinazobeba wateja, walipewa siku moja: Julai 12. Samaki mmoja kwa mtu. Mwaka 2024 ulikuwa na siku 366, jamani. Mwaka 2025 zikawa mbili, Julai 11 na 12.

Mtu akisikia hivyo anasema safi sana, samaki amelindwa siku zote zilizobaki. Amelindwa na nini? Boti haziendi likizo. Chewa wakiwa wamefunguliwa, boti zinakwenda mwamba ule ule, chambo kile kile. Ndoana haisomi tangazo la serikali. Anapanda snapa, nahodha anasema huyu hatumchukui, anatupwa. Anapanda mwingine, anatupwa. Mteja anafurahi maana mkono umeuma na picha ipo. Tathmini za wanasayansi wa serikali yao zimesema wazi kwamba snapa wanaouawa na wavuvi wa burudani upande ule wengi wao si wale walioliwa. Ni wale waliorudishwa. Kuna idadi ndogo inayoruhusiwa kuchukuliwa ili kufidia ile kubwa inayokufa bila kumfikia mtu mezani. Kha!

Najua manahodha wana hoja yao, na sitaki kuwafanya mashetani. Wanasema snapa wamejaa, kila ukishusha mshipi wanashika wao, na wanaokaa ofisini hawaioni bahari. Kwamba wameongezeka ni kweli. Wana mkopo wa boti, wana mafuta ya kulipia, na baharia anaishi kwa bahashishi ya wateja. Lakini kama wamejaa, ndiyo sababu zaidi ya kutokuwafanyia mchezo wa kuwapandisha na kuwatupa. Huyu ni samaki anayeweza kuishi zaidi ya miaka 50. Kuna snapa wana umri wa mama yangu.

Januari 2025 serikali yao ilijaribu kuligusa jambo lenyewe. Ilipendekeza kwamba Desemba hadi Februari uvuvi wa burudani wa samaki wa miamba usimamishwe kwenye eneo la kaskazini mashariki ya Florida, ili kupunguza hao wanaotupwa. Kelele zikapigwa. Kanuni ilipotoka mwezi Juni mwaka huo huo, kipengele hicho hakikuwemo. Siku mbili za kuvua zilikuwemo.

Msimamo wangu ni huu, na mwenye wake alete: samaki wa kina kirefu akishafika juu, ameshavuliwa. Muhesabu. Mpe mteja idadi yake ndogo, tuseme wanne au watano wa kwanza wanaopanda, wa aina yoyote, awapeleke nyumbani, kisha mshipi uondoke kwenye mwamba. Atakuwa amelipa pesa nyingi kwa samaki wachache, sawa, lakini mwanzo wa kiangazi mkondo wa Gulf Stream unapita huko nje na magugu yake yanayoelea, na chini ya magugu kuna mahi-mahi, ambaye watu wa pwani yetu wanamwita faulusi. Huyo anakaa juu juu, hapasuki kwa kuvutwa, anakua haraka ajabu na haishi zaidi ya miaka michache. Naye ana kiwango chake: mwaka 2022 Florida ilipunguza kwenye maji yake ya Atlantiki kutoka 10 hadi 5 kwa mtu kwa siku. Mchezo unautaka? Mchezo uko pale, na anaruka.

Na kwa mwenzangu wa mwaka wa tatu. Sisemi wavuvi wetu hawana makosa, baruti ni aibu na nyavu za matundu madogo ni aibu. Hayo tuyafundishe kwa nguvu zote. Lakini mjomba wangu anavua kwa mshipi, na chewa anayempandisha kutoka chini kabisa analiwa mchuzi, analiwa kichwa, mifupa inapata paka. Ukimweka kwenye slaidi kama mfano wa ushamba, halafu pembeni yake ukaweka yule wa meno nje, angalau tuambie samaki wa pili alielea dakika ngapi.

Projekta ya idara nimeiandikisha kwa Alhamisi ijayo. Nakuja na sirinji na puto.