Idhini Haiulizwi Masufuria Yakiwa Motoni



Wengi mmetuuliza tulipotelea wapi. Tulikuwa harusini bara. Tulivuka kwa boti ya asubuhi, Dar es Salaam tukapanda treni ya SGR, tukateremka Kilosa, na kutoka hapo tukabanana kwenye gari dogo na mabegi yetu ya madera mpaka Tindiga. Mwenzetu mmoja ana ndugu huko upande wa mama yake, na binti wa nyumba hiyo alikuwa anaolewa. Harusi ilipendeza, alhamdulillah. Lakini leo hatuandiki juu ya mapambo wala piko. Tunaandika juu ya mazungumzo ya jikoni usiku wa kuamkia nikahi, kwa sababu tumerudi nayo na hayajatutoka.

Tulikuwa wanawake kama kumi na tano, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya vitunguu na thomu. Redio ya simu ilikuwa inasema peke yake pembeni, mara ikaingia habari ya umri wa kuolewa. Habari hii haikuanza jana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inamruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama inaweza kutoa ruhusa hata kwa wa miaka 14. Mvulana yeye anasubiri 18. Mwaka 2016 Bi Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuvipinga vifungu hivyo, namba 13 na 17, na akashinda. Serikali ikapewa mwaka mmoja irekebishe sheria. Ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikasema hukumu inabaki pale pale. Mwaka mmoja ule ulipita, na mingine ikafuata, na mjadala ukawa unarudi kila mara kama mvua za masika.

Tusiwafiche. Maneno ya kwanza yaliyotoka vinywani mwetu hayakuwa mazuri. Mmoja wetu alisema, "Hawa wanataka kutubadilishia dini yetu." Mwengine akaongeza kwamba sheria ile haivuki bahari, Zanzibar tuna mahakama zetu za Kadhi, basi ugomvi huo tuwaachie wenyewe. Tukacheka kidogo. Tulijiona tuko salama.

Bi mkubwa mmoja, shangazi yake bibi harusi, aliweka ungo chini akatutazama. "Wanangu wa Unguja," alisema, "nyinyi mnaongea dini. Sisi hapa tunaongea mpunga. Maji yakichukua shamba, au ng'ombe wakiingia wakalimaliza, ndipo posa ya binti mdogo inapopata majibu ya haraka. Mimi niliolewa mwaka wa njaa. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walinifunika kanga, nikasikia vigelegele, nikajua ni vyangu."

Jiko zima lilinyamaza.

Anayeijua Tindiga ataelewa maneno yale. Ni kata ya wakulima wa mpunga na mahindi, na jina lenyewe linasema: tindiga ni mahali pa maji na matope. Ardhi ile inalisha watu wengi, lakini mvua ikizidi haina huruma. Kilosa yote inakumbuka mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipovunja tuta lake, watu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika. Juu ya hapo kuna ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya ardhi na maji, ugomvi ambao katika wilaya hiyo umeshamwaga damu. Nyumba iliyopoteza mavuno haina cha kuuza. Mwenye binti wa miaka 15 anaanza kuhesabu: mdomo mmoja utapungua, mahari itaingia. Hapo hakuna aya iliyosomwa. Kuna hesabu tu, na dini inaitwa baadaye ije kuzifunika hesabu hizo.

Hilo ndilo lililotuchoma. Sisi tuliruka kuitetea dini mahali ambapo dini haikuwa imeshitakiwa.

Tuseme tunavyoamini. Uislamu haukumlazimisha baba yeyote kumuoza mtoto wake mapema. Jambo kuruhusiwa si kuamrishwa. Na kilichoamrishwa waziwazi ndicho tunachokipita haraka: idhini ya mwanamke, na mahari kuwa yake mwenyewe. Sura An-Nisaa, aya ya 4, inawaamuru wanaume wawape wanawake mahari yao. Wao wanawake, si baba wala mjomba. Na tunayo habari ya Khansaa bint Khidham, Mwenyezi Mungu amridhie, mwanamke aliyewahi kuolewa, ambaye baba yake alimuoza bila ya kutaka kwake. Alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na ndoa ile ikavunjwa. Katika Sunan ya Nasai imepokewa pia habari ya msichana aliyelalamika kuwa baba yake amemuoza kwa mtoto wa ndugu yake ili ajipandishe hadhi. Mtume alipoliweka jambo mkononi mwake, alisema amekubali alichofanya baba yake, ila alitaka kujua kama wanawake wana sauti yoyote katika jambo hili. Dada zetu, yule msichana aliuliza kwa niaba yetu sote. Tumelifanyia nini jibu alilolipata?

Sasa tugeukie kwetu visiwani, maana ni rahisi kumnyooshea kidole wa Tindiga. Sote tunajua idhini inavyoulizwa. Bibi harusi ameshapigwa piko mpaka kwenye viwiko, ameshaingizwa ndani siku kadhaa, somo yake yuko pembeni, ukumbi umelipiwa, masufuria ya pilau yako motoni, wageni wameshuka kutoka Pemba na Muscat. Ndipo walii anaingia na mashahidi, anamuuliza, "Mwanangu, umeniidhinisha nikuozeshe kwa fulani bin fulani, kwa mahari kadha?" Yeye ameinamisha kichwa chini ya mtandio. Ananyamaza. Mtu anasema ukimya wake ni idhini yake, vigelegele vinapigwa.

Ni kweli mafundisho yanasema ukimya wa bikira ni idhini yake. Hilo ni kwa kuihurumia haya yake, asilazimishwe kutamka mbele ya watu. Halikuwekwa liwe mlango wa kumpitishia jambo asilolitaka. Ukimya una maana pale tu ambapo anayenyamaza angeweza kusema hapana. Je, msichana wa miaka 15, aliyetolewa skuli juzi, baba yake ameshapokea fedha na ameshazila, anaweza kusema hapana? Ukimya wa mtoto aliyebanwa hivyo si idhini. Ni hofu. Na hata aliye na miaka 25, akiulizwa mbele ya masufuria yanayochemka, ni nani atathubutu?

Kwa hiyo sisi tumebadilisha maoni yetu, na hatuoni haya kusema. Tunaona umri wa miaka 18 kwa msichana kama ulivyo kwa mvulana hauvunji dini yetu. Unampa binti muda wa kuwa mtu anayeweza kujibu anapoulizwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kwamba karibu wanawake 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Wangapi katika hao waliulizwa? Na sheria peke yake haitoshi. Tangu 2016, kumuoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari kule bara kunaweza kumfunga mtu miaka 30. Lakini binti aliyekwisha kuachishwa masomo hayumo tena katika hesabu ya wanafunzi, na wazee wanalijua hilo. Anayesema anaitetea ndoa aulize pia nyumba ile itakula nini shamba likizama.

Kuna wasomaji watakaotukasirikia. Watasema tukichelewesha ndoa tunafungua mlango wa zinaa. Hofu hiyo tunaielewa, sisi pia ni mama na shangazi wa mabinti. Lakini mtoto hahifadhiwi kwa kukabidhiwa mzigo wa mtu mzima. Anahifadhiwa kwa malezi, kwa skuli, na kwa mama ambaye binti anaweza kumwambia jambo bila ya kuogopa kofi.

Tunachowaomba ni kidogo. Wewe mama, au wewe somo, posa ikija, muulize binti siku ile ile, mkiwa wawili tu, kabla hata ya shilingi moja kupokewa. Umuulize mara ya pili baada ya wiki. Umwambie waziwazi kwamba akikataa hatapigwa wala hatasimangwa, kisha ulitimize. Wewe bibi harusi, ijue mahari yako ni kiasi gani na iko wapi. Nikahi ikifika, idhini inayoulizwa mbele ya mashahidi iwe ni kulithibitisha jambo ambalo moyo wako ulishalijibu zamani.

Tumalizie kwa biharusi wetu wa Tindiga. Kwa Wakaguru na Wasagara wa maeneo yale ukoo unafuata upande wa mama, kwa hivyo mjomba ana sauti kubwa. Asubuhi ya nikahi shangazi yule yule alituvuta pembeni akatuambia kwamba huyu si mchumba wa kwanza. Wa kwanza alikuja miaka mitano iliyopita, mwenye uwezo, na mwaka ule mavuno yalikuwa mabaya. Mjomba alimwita binti chini ya mwembe, akamuuliza. Binti akasema hapana, anataka kumaliza masomo. Posa ikarudishwa siku ile ile, na nyumba ikala uji mpaka mavuno yaliyofuata.

Walii alipoingia kuuliza, binti hakunyamaza. Aliinua kichwa akasema, "Ndiyo, nimekuidhinisha," na sote jikoni tukamsikia. Shangazi yake ndiye aliyeanza kupiga vigelegele.

Mwenyezi Mungu awape mabinti zetu ndoa za kheri, na atupe sisi masikio ya kuwasikiliza. Amin.